Sikusahau, Nilinyamazishwa

Mara ya kwanza nilianguka jikoni, kisu mkononi, ndizi zimemenywa nusu. Simu nilikuwa nimeiegesha juu ya ndoo, sauti juu, na kaka yangu Deo alikuwa ananipa habari njema. Mjomba Speratus, kaka mkubwa wa mama yetu, amejitolea kumchukua Kemilembe, binti wa Deo, akae kwake Muleba mjini asome ile shule nzuri iliyo jirani naye. Ada atalipa yeye. Mtoto ataanza Januari.

"Atakuwa kama wa kwao kabisa," Deo akasema. "Mzee ana moyo, yule."

Nilitaka kusema neno moja tu. Ulimi haukuja. Nikaona ndoo inainama, kumbe ninayeinama ni mimi. Nilipozinduka, mume wangu Justus alikuwa amepiga magoti ameshika kichwa changu, maganda ya ndizi yamenigandia shavuni, na Deo bado yuko hewani anauliza, "Halo? Halo? Mtandao umekata?"

Naandika haya sasa kwa kuwa msimu mzima umepita sijaanguka. Naandika pia kwa kuwa najua yupo mwanamke amekaa kwenye benchi la hospitali leo hii, kadi mapajani, amezungukwa na watu wenye uhakika. Wengine wana digrii na wengine wana mafuta ya upako. Nataka ajue kwamba watu hao hawaishi, na kwamba inawezekana kupona wakiwa bado wanaongea.

Kwanza jambo lenyewe. Nilipokuwa na umri wa Kemi, darasa la tatu, mimi pia nilipelekwa kwa Mjomba nikasome. Alichonifanyia kwenye stoo yake ya kahawa sitakiandika. Wanaopenda kusoma habari za namna hiyo watafute kwingine, mimi si tamasha. Niliporudi nyumbani likizo nilimwambia mama. Mama alikata fimbo kwenye mbuni ulio nyuma ya jiko, akanichapa, akasema nisithubutu tena kumsingizia mtu anayetulisha. Likizo ilipokwisha akanirudisha kulekule.

Sikulisahau jambo hilo hata siku moja. Nimeolewa nikilikumbuka. Nimezaa nikilikumbuka. Nimefundisha shule ya msingi hapa Bukoba miaka mingi, na kila nilipoona msichana wa darasa la tatu anasinzia asubuhi nililikumbuka. Ninachosema ni chepesi, mtoto anaweza kukielewa: sikusahau. Lakini kila aliyekuja kunitibu, kunishauri au kunihukumu, hilo ndilo jambo la kwanza alilokataa kulielewa.

Kiangazi chote kile, watu wakianika kahawa, mimi nilikuwa naanguka. Nilianguka ubaoni nikiwa na chaki. Nilianguka kanisani wakati wa matoleo, na wanakwaya wakanitangaza kuwa nina mapepo kabla sijafumbua macho. Hospitali walisema ni kifafa, nikapewa vidonge. Sitawalaumu, walitazama walichokiona. Ila vile vidonge vilinigeuza gunia. Uso ulivimba, mikono ikatetemeka hata siwezi kuandika ubaoni, na nikawa nalala mchana kama mlevi. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Na bado nilianguka.

Kama hujawahi kukaa kwenye lile benchi nikueleze. Wagonjwa wa kuanguka hukaa pamoja na wagonjwa wa akili, sehemu ya nyuma, ukipita pale wanapofulia mashuka. Anayekufahamu akikuona unaelekea kule, ghafla anakumbuka kuna kitu muhimu kwenye simu yake. Mwalimu mwenzangu alinipita hivyo, kisha kesho yake shuleni akaniambia kwa sauti ya mgonjwa mahututi, "Pole, mwalimu, nilisikia unaumwa." Alisikia! Alikuwa karibu anikanyage. Kwa upande mwingine, kwenye benchi hilohilo mama mmoja nisiyemjua alinimiminia uji kwenye mfuniko wa chupa yake bila kuniuliza nina nini. Alikuwa na mwanawe mkubwa aliyekuwa akijisemesha ukutani. Nilikunywa ule uji nikalia. Ndio ulikuwa wema wote wa mwezi ule.

Mvua za vuli zilipoanza, mchungaji wa kanisa la jirani, mtaa wa Kitendaguro, alimshauri Justus anipeleke kwa Dada Clementina. Huyu alikuwa na chumba mtaa wa Nyanga, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na ukutani vyeti vya semina kwenye fremu za dhahabu. Hakuwa daktari. Alijiita mponyaji wa nafsi, na alikuwa anaongea polepole sana, kama anayemsomea mtoto imla.

Siku ya kwanza nilimwambia yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka tangu ile fimbo. Nilimwambia kuhusu Mjomba, stoo, na Kemi anayetarajiwa kwenda. Nilidhani atashtuka kwa ajili ya mtoto. Clementina alitikisa kichwa kwa huruma, akatabasamu.

"Hilo unalikumbuka, mpendwa," akasema. "Kinachokuangusha si hicho. Kinachokuangusha ni kile usichokikumbuka."

"Sina nisichokikumbuka."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Akazima taa, akaniambia nifumbe macho nipumue. Nirudi kwenye ile stoo, nitazame mlangoni.

"Nani yuko mlangoni?"

"Hakuna mtu."

"Tazama tena. Mwili haudanganyi. Kuna mwanaume?"

"Mlango umefungwa, Dada."

"Ufungue."

Juma lililofuata ilikuwa vilevile, na lililofuata tena. Kati ya hayo nililala vibaya na kuanguka zaidi ya mwanzo, na yeye akasema ni dalili nzuri, uchafu unapanda juu. Mwishowe mlango ukafunguka. Nikamwona mlangoni Tata, baba yetu, amesimama anatazama bila kusema kitu.

Clementina alipiga makofi. Kweli alipiga makofi, nikiwa bado nimefumba macho.

Nilitoka pale nikitembea kama nimepigwa rungu. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Alikuwa mtu mpole aliyezungumza na migomba yake. Nyumbani niligeuza picha yake ukutani. Kwa muda fulani nilikuwa na hakika kabisa. Nataka ulielewe hili, wewe uliye kwenye benchi: nilimwona. Picha ile ilikuwa kichwani mwangu wazi kama unavyoona maneno haya. Ingekuwa kupima ukweli ni kwa uwazi wa picha, baba yangu angekuwa mkosaji hadi leo.

Kilichomwokoa ni koti. Nilikuwa nafua siku moja, nikamtafakari pale mlangoni, nikaona amevaa koti la kahawia lenye vifungo vya mbao. Hilo koti nilimnunulia mimi, kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Nikiwa darasa la tatu koti hilo halikuwepo. Tena Tata hakuwahi kuvuka mlango wa Mjomba. Walikuwa na ugomvi wao wa mpaka wa kibanja cha migomba, na aliponipeleka alikuwa ananiachia njia panda, namalizia mwenyewe na kisanduku changu.

Nikarudi kwa Clementina nikamweleza habari za koti.

"Akili hubadilisha mavazi ili kujikinga," akasema.

"Na kama angekuja na sare ya timu ya mpira?"

"Una hasira, mpendwa. Hasira ni pazia."

Nikachukua mkoba wangu. Alinisindikiza hadi kibarazani akinionya kwamba nikiacha katikati nitaanguka mpaka nife. Mwanamke mzima, mwenye vyeti vinane ukutani, anamtishia mgonjwa kifo kwa sababu mgonjwa amekumbuka nguo. Nilimwambia Mungu amsaidie, na sikuwa namaanisha.

Senene zilipoanza kuanguka tulikutana nyumbani kwa mama, kijijini Muleba. Nilikuwa nimemweleza Justus yote, nikamwomba awaite. Tulikuwa watano sebuleni: mama, mimi na Justus, Deo na mkewe Anitha. Watoto walikuwa nje. Mama alikuwa na ungo mapajani ananyonyoa senene mabawa na miguu.

Niliwaambia. Sikulia, maana nilikuwa nimejiandaa kama ninavyoandaa somo. Nikamaliza kwa kusema Kemi asiende.

Deo anafundisha chuo. Nawaheshimu wanaofundisha vyuo, lakini kaka yangu ni mtu wa kusoma makala nusu kwenye simu na kuimalizia kichwani. Aliniacha nimalize, akavuta pumzi, akasema, "Adventina, pole sana. Kwanza hakuna anayesema unadanganya."

Mtu akianza hivyo ujue umekwisha kuitwa mwongo.

"Kuna kitu kimechunguzwa sana huko duniani," akaendelea. "Kumbukumbu za uongo. Mtu anakwenda kwa washauri, wanampandikizia jambo, anaamini kwa moyo wote. Si kosa lake. Huyo Clementina alikufanya umwone nani tena?"

Ningeweza kusema hakuna. Justus alinikanyaga mguu niseme hakuna.

"Alinifanya nimwone Tata," nikasema. "Na ni uongo." Nikawaeleza koti.

Deo akajipiga magotini kwa viganja vyote viwili. "Unasikia mwenyewe? Moja ni ya kupandikizwa, kwa ushahidi wako wewe. Hii nyingine tuiamini kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hii sikuipata kwa Clementina. Sikuwahi kuisahau hata wewe uniambie nimeikumbuka. Nilimwambia Mama nikiwa darasa la tatu."

Wote wakamtazama mama. Mama aliokota senene, akamnyonyoa bawa moja, akamnyonyoa la pili.

"Watoto husema mambo mengi," akasema.

Nakumbuka harufu ya zile senene, na kisha sikumbuki kitu, kwa sababu nilianguka.

Nilipofumbua macho nilikuwa chumbani kwa mama na Anitha alikuwa ananifuta uso kwa kanga yenye maji. Anitha si mtu wa maneno. Ni mhasibu, ana tabia ya kukutazama mpaka umalize.

"Wifi," akasema, "mimi sijui kama ni kweli."

"Basi toka."

"Sijamaliza. Sijui, na naona hapa hakuna atakayenijulisha. Lakini nikikosea kwa kukuamini wewe, mwanangu atasoma shule ya kwetu Kagondo kama wenzake. Nikikosea kwa kumwamini Deo..." Akakamua kanga kwenye beseni. "Kemi haendi. Nimekwisha kumwambia Deo."

Haikuwa imani, na nilimdharau kidogo kwa hilo, nakiri. Lakini ilitosha kuliko imani ya mtu yeyote. Deo alimnunia mkewe mpaka Krismasi ikapita. Kwa Mjomba alitoa udhuru wa afya ya mtoto, na Mjomba alijibu kwa heshima nyingi kwamba nafasi ipo wakati wowote. Na mimi niligundua jambo la ajabu Januari ilipofika na Kemi akaanza shule ya kwao na soksi zake nyeupe: nilipitisha juma moja, kisha la pili, bila kuanguka.

Kuanguka kulirudi, lakini si kama zamani. Masika ilipoanza, hospitali ilikuwa imempata mtaalamu mpya wa afya ya akili, mwanamke wa umri wangu, asiye na haraka. Alitazama vipimo vyangu, akasema kuanguka kwangu si kifafa, wala si maigizo. Mwili umezoea kuzima pale ambapo maneno yamezuiwa. Akaanza kunipunguzia vidonge kidogo kidogo. Mikono ilitulia kwanza, kisha uso ukarudi kuwa wangu. Siku niliyoandika tena ubaoni mstari ulionyooka, wanafunzi wangu walishangilia kama nimefunga goli.

Nilipomsimulia habari ya Mjomba nilisubiri aniambie nifumbe macho. Hakuniambia. Aliuliza, "Ungependa tulizungumze leo au siku nyingine?" Nikasema siku nyingine. Akaandika tarehe, basi. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajawahi kuchimbwa kama shimo la choo jinsi swali lile lilivyokuwa tamu.

Nilimwambia pia hofu yangu: je, kama koti lilikuwa la uongo, nitajuaje kuhusu stoo? Hakunidanganya. Alisema hana kifaa cha kupima, wala hakuna mwenye nacho, na anayedai anacho nimwogope, awe anadai kuthibitisha au kukanusha. Akaniuliza tu kama kuna mtu niliyemwambia wakati ule, nikiwa mtoto.

"Yupo," nikasema. "Anajifanya hajui kitu."

Siku moja Justus alikuwa amesafiri, na mama alikuwa kwangu kwa matibabu ya macho. Akasema atanisindikiza hospitali. Tulikaa benchi la nyuma pamoja, mvua inapiga bati hata watu wanaitana kwa ishara. Tulipoitwa akaingia nami, akakaa pembeni na mwavuli wake. Mtaalamu alikuwa anajaza kadi mpya, ile ya zamani ililoa. Akauliza ili aandike, bila kuinua macho, "Haya matatizo yana asili ya lini hasa?"

Nikafungua mdomo.

"Akiwa darasa la tatu," mama akasema. "Kwa kaka yangu. Aliniambia, nikampiga, nikamrudisha."

Alilisema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayetoa ushahidi mbele ya serikali. Kwa Kihaya nadhani lisingetoka. Mtaalamu aliweka kalamu chini.

"Ulimwamini, mama?"

"Nilimwamini," mama akasema. "Ndiyo maana nilimpiga kwa nguvu."

Watu hupenda sehemu hii tukumbatiane. Hatukukumbatiana. Niliangalia viatu vyake vya mpira vyenye matope nikahisi dharau ambayo sijawahi kuihisi kwa Clementina wala kwa Deo, kwa sababu hao walikuwa hawajui, na huyu alijua. Nyumbani alipika, nikala. Siku nyingi baadaye aliniambia, akiwa ananipa mgongo, kwamba mwaka ule kahawa iliharibika na bila Mjomba tusingevuka. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimesamehe. Ni mambo mawili, na anayekuharakisha kuyaunganisha usimruhusu kuingia ndani ya nyumba yako.

Deo nilimpigia simu mwenyewe, nikamweleza alichosema Mama. Nikadhani sasa ameelewa. Kisha akasema, "Unajua, mzee wa umri wa Mama, akisikia jambo mara kwa mara, naye huanza kuamini alikuwepo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa hiyo sasa mama naye amepandikizwa! Hata watu wote wa Muleba wakilikumbuka, Deo atasema wilaya nzima imepandikizwa. Nimemwacha na makala zake. Watu wa namna yake si wabaya. Ni kwamba jibu lolote linalowaruhusu kuendelea kumwamkia Mjomba litakuwa sayansi.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi, sikiliza. Anayekuambia umesahau wakati hukusahau, ondoka kwake. Anayekuambia ufumbe macho umtafute mtu gizani, ondoka mbio, maana atapatikana tu. Anayekuambia yote ni ya kubuni kwa kuwa moja lilibuniwa, huyo mwache aongee na ukuta. Na kama una mtoto wa kumlinda, mlinde leo, usisubiri wamalize mjadala wao. Hawatamaliza.

Kiangazi kilichofuata tulikwenda Muleba kuzika shangazi wa mama. Watu walikaa kwenye majani yaliyotandazwa uani, wazee kwenye viti. Mjomba alikuwa kiti cha mbele, suti ya kijivu, fimbo yenye kichwa cha shaba, watu wanampigia magoti mmoja baada ya mwingine. Mimi na Justus tulikaa mbali, mkono wake chini ya kiwiko changu kwa mazoea ya mwaka ule. Deo alikuwa karibu na Mjomba.

Kemi alipita na wenzake. Mjomba akamnyooshea fimbo, kwa upole.

"Wewe si binti wa Deo? Umekua! Njoo, waitu, mtoto wetu, mletee babu yako maji ya kunywa."

Kemi alisimama, akamtazama mama yake. Anitha alikuwa ameshaanza kunyanyuka, na mimi nilihisi miguu inaanza kuwa ya mtu mwingine. Lakini aliyefika kwanza ni mama. Sijui alitokea wapi. Alimshika Kemi bega, akamgeuza kuelekea tulipokuwa sisi, akamsukuma kidogo.

"Maji nitakuletea mimi," akamwambia kaka yake.

Alikwenda kwenye mtungi, akachota kikombe, akarudi nacho katikati ya uwanja, watu wote wakitazama kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama. Mama yangu amempigia magoti mtu yule maisha yake yote. Alifika mbele ya kiti, Mjomba akanyoosha mkono. Mama hakupiga magoti, wala hakumpa kikombe mkononi. Alikiweka kikombe chini, kwenye majani, mbali kidogo na viatu vya kaka yake, akabaki amesimama wima anamtazama mpaka yule mzee akalazimika kuinama kukichukua.